Sketi ya Mkwe wa Buffalo

Ninyi vijana mnaoipitisha ile picha kwenye simu zenu na kucheka mpaka mnadondosha vijiko, wekeni simu chini kidogo. Picha hiyo naijua. Mimi ndiye niliyesimama katikati, nimekunja uso, na kando yangu wazungu watatu wamefungwa vitenge kiunoni kama wamama wanaokwenda kuteka maji. Kila mmoja wenu ameandika maneno yake chini ya picha ile, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Bon. Sasa nawaandikia mimi niliyekuwepo. Mwandiko wangu si mzuri. Someni hivyo hivyo.

Mambo yalianza huku Marekani, Louisville, jikoni kwangu. Nilikuwa nageuza sombe, yale majani ya muhogo, kwenye sufuria, simu ikalia. Alikuwa mjukuu wangu wa kike, yule anayekaa Buffalo. Huyu nilimlea mwenyewe tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokimbilia kutoka Kongo. Nilimfundisha kuosha sufuria, kusali na kunyamaza, akashika mambo mawili ya kwanza. Buffalo alikwenda kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani.

"Bibi, nimepata mchumba."

"Mkristo?"

"Mkristo."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya, kwenye kiwanda cha madirisha."

"Nataka kumwona."

"Nakutumia picha."

Picha ikaja. Nikavaa miwani. Kijana mrefu, nywele nyekundu kama bati lililoshika kutu, meno yote yapo. Nikashuka na kidole polepole. Koti, sawa. Tumbo, hana. Halafu nikafika chini.

"Mbona amevaa nguo ya mama yake?"

"Si ya mama yake, Bibi. Ni ya babu yake."

"Na babu yake alivaa nguo ya mama yake?"

Ilikuwa sketi, watoto wangu. Rangi yake manjano iliyokolea, nyuma ina marinda mengi yaliyopigwa pasi vizuri, sikatai. Mbele kumening'inia kipochi cha ngozi, kama kile cha mama muuza ndagala, wale dagaa wetu, anachowekea chenji. Miguuni soksi ndefu za sufu. Na katikati ya soksi na sketi, magoti. Magoti mawili meupe, wazi mbele ya watu kama viazi vilivyokwisha kumenywa.

Mnanijua mimi na magoti. Nilipokuwa bado nakaa Columbus kwa mwanangu mkubwa, upande wa Westerville, mimi ndiye niliyeweka kikapu cha vitenge kwenye mlango wa kanisa letu. Binti akija na kisketi kifupi, anafungwa kitenge kwanza, ndipo anaingia kumwimbia Mungu. Wengine wenu mmefungwa, mnakumbuka. Nilipohamia Louisville nilimwachia mdogo wangu kikapu hicho, naye ni mkali kunishinda. Mimi nilikuwa naangalia magoti. Yeye anaangalia hata vifundo vya miguu.

Kwa hiyo nilimwambia mjukuu wangu wazi: "Mwanaume huyo hatakutoa nyumbani mwangu akiwa na magoti nje. Avae suruali, au asije."

Akanyamaza. Siku hiyo ndiyo alikumbuka kunyamaza. Halafu akasema, "Bibi, yeye ni mtu wa Ayalandi. Babu yake anasema hiyo ndiyo nguo ya asili yao. Inaitwa kilti. Yaani ya mababu."

"Huyo babu yuko hai?"

"Yuko hai. Ndiye mzee ninayemtunza."

"Bon. Nitakuja nimwulize mwenyewe."

Nilikwenda mwezi wa nne, nikidhani baridi imekwisha. Buffalo hawajui kalenda. Theluji ilikuwa bado imelala kando ya njia, nyeusi kama makaa, na watu wanapita na mashati tu wakisema leo kuna joto. Mzee anakaa North Buffalo, nyumba ya mbao yenye baraza mbele. Mjukuu wangu ndiye anayempikia na kumpangia dawa, na hapo ndipo alipokutana na yule kijana, aliyekuwa anakuja kumsalimia babu yake. Alikuwa anamsalimia mara nyingi sana. Mzee mwenyewe aliniambia kwamba kabla ya hapo alikuwa anakuja Krismasi tu.

Kwa kuniheshimu, mzee alikuwa amevaa kilti yake. Mimi kwa kumheshimu nilikuwa nimevaa kitenge changu kizuri, kile cha vipande vitatu. Basi tukakaa, wazee wawili na sketi zetu, chai katikati, mjukuu wangu akitafsiri.

"Mwulize," nikasema, "nguo hii babu yake aliivaa?"

Mzee akajikuna kidevu. Akaongea.

"Anasema ndiyo na hapana."

"Hilo ni jibu la mtoto aliyevunja sahani. Aseme moja."

Basi mzee akaweka kikombe chini, akaeleza, na hapa nawaandikia kama nilivyoelewa. Zamani sana watu wa Ayalandi walivaa shati refu la kitani, limetiwa rangi ya zafarani, na juu yake shuka zito la sufu. Sketi haikuwapo. Waingereza walipowatawala wakazikataza nguo hizo, wakataka wavae kama wao. Kwa hiyo wakavaa suruali. Babu yake huyu mzee alivaa suruali yenye viraka maisha yake yote. Halafu, miaka mia na kitu iliyopita, wakatokea watu wa kule waliochoka kufanana na Waingereza. Wakasema, lugha yetu tunayo, ngoma zetu tunazo, nguo yetu iko wapi? Wakatazama ng'ambo ya maji, Uskoti, wakaona jirani zao wana kilti ya mirabaraba. Wakatazama na michoro ya kale, wakaona lile shati refu linaishia magotini, wakasema, si ndiyo hii hii? Wakaichukua kilti, wakaitoa mirabaraba, wakaitia rangi ya zafarani au ya kijani, wakasema ni yetu tangu zamani. Wapiga zumari wakaipenda, lile zumari lenye mfuko linalolia kama mbuzi aliyeshikwa vibaya. Hata askari wao wapiga zumari wakapewa.

"Na watu wa kawaida?" nikauliza.

"Anasema watu wa kawaida waliwacheka. Baadaye wauza vitambaa wakaja na mirabaraba tena, kila jimbo na ya kwake, kwa sababu wao lazima wauze kitu."

"Donc, kwa hiyo mliazima."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Tuliazima."

"Kwa jirani."

"Kwa jirani. Na hatujarudisha."

Hapo nilimpenda kidogo, lakini sikumwonyesha.

Halafu akanigeuzia kibao. Akanyosha kidole kwenye kitenge changu, akauliza kitu. Mjukuu wangu akaanza kucheka kabla ya kutafsiri, nami sipendi tabia hiyo.

"Anauliza na hiyo yako?"

"Hii ni nguo ya asili yetu."

"Anauliza, ya babu gani?"

Kabla sijajibu, mjukuu wangu akainama, akashika pindo la kitenge mguuni kwangu, akasoma yale maandishi madogo ya kiwandani. "Bibi, hapa pameandikwa kimetoka China."

Nikavuta mguu. "Mwambie nilinunua. Sikuazima. Mama yangu alivaa vya Waholanzi, bibi yangu alivaa magome ya mti, na magome sijaona anayeyataka kwenye arusi. Na mwambie changu kinafika chini."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akachukua picha ukutani, akanipa. Mwanaume mwembamba kashika zumari, kilti imempwaya. Baba yake. Alifika Buffalo bila kitu, akabeba magunia ya nafaka kwenye maghala ya bandarini. Siku zote alikuwa mbeba magunia tu, ila siku za gwaride alivaa kilti, akapita katikati ya barabara, na watu wakasimama kando. Ndiyo hii hii aliyoivaa mzee, imepunguzwa kiunoni. Kijana naye ana ya kwake, iliyoshonwa kwa mfano wake. Mzee akasema neno la mwisho, akapiga meza.

"Amesema nini?"

"Amesema asante kwa kuja."

"Asante gani hiyo inayopiga meza? Tafsiri vizuri."

Mjukuu wangu akainama. "Amesema mjukuu wake atakuja kuomba mchumba na nguo hii, au hatakuja."

"Mwambie asipokuja na suruali, na asije."

Akamwambia maneno mengi matamu, nikaona mzee anatabasamu, nikajua hakumwambia. Nilimkuta jikoni baadaye anaosha vikombe, machozi yanaingia kwenye povu.

"Yeye hamwachi aje bila kilti. Wewe humwachi aingie nayo. Na yule hawezi kumkatalia babu yake, mimi siwezi kukukatalia wewe. Mimi nitaolewa na nani, Bibi? Na kikombe?"

Nilimwambia kikombe hicho bado kina sabuni.

Siku ya kujitambulisha tuliiweka Columbus, kwa sababu iko katikati ya njia, Louisville huku, Buffalo kule, na mwanangu mkubwa ndiye baba wa ukoo hapa. Ukumbi ni ule wa kanisani. Nilikuwa nimeshanunua suruali nyeusi ya mtu mrefu, nikaikunja, nikaitia mkobani. Mpango wangu ulikuwa huu: nitamkuta mlangoni, nitampa suruali mkononi mbele ya babu yake, tuone nani atapiga meza. Habari za sketi sikumwambia mtu, hata mdogo wangu. Ningeanzia wapi?

Sasa wale mliozaliwa huku, sikilizeni desturi hii, maana bila yake hamtaelewa kitu. Kwetu wakwe wakija, pande mbili zinakaa zikitazamana. Kila upande una msemaji. Kuna maswali, kuna mahari, kuna mbuzi wa wajomba, na maneno yanaweza kwenda mpaka jua kuzama. Yote yakikwisha, na yakikubalika, ndipo wamama wa upande wa binti wanawafunga wakwe vitenge kiunoni. Kitenge kikishafungwa, hakuna tena maneno. Ni vigelegele na chakula.

Wao walikuwa wamejitafutia msemaji, mzee mmoja wa kwetu anayekaa Clintonville, hapo hapo Columbus, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa karani wa soko huko Uvira. Walifika mapema. Wazungu ndivyo walivyo, ukiwaambia saa nane wanakuja saa nane. Mimi nilikuwa jikoni nikigombana na mtu juu ya chumvi. Msemaji alikuwa anatafuta pa kuegesha gari. Mlangoni alikuwa mdogo wangu na kikapu chake.

Alinisimulia mwenyewe. Aliwaona watatu wanapanda ngazi, mzee na fimbo yake, kijana, na mjomba wa kijana, mtu mnene. Hakushangaa sketi, alishangaa magoti. "Magoti sita, Dada," aliniambia, "yanaingia nyumba ya Mungu." Akafanya kazi aliyoifanya miaka yote.

"Karibu, baba. Samahani, baba. Nyosha mikono."

Mzee akanyosha mikono kama mtoto anayeogeshwa. Akafungwa kitenge cha majogoo. Mjomba akafungwa cha mabuyu, nacho hakikutosha, akaongezewa cha pili. Kijana alipofungwa cha kwake aliweka mkono kifuani, akainama, akasema Kiswahili chake chote: "Asante sana." Walidhani ndivyo tunavyowapokea wageni wakubwa. Mzee alikuwa na machozi.

Halafu wakaingia ukumbini.

Watu wote walikuwa wamekaa, mwanangu mkubwa amesimama mbele na karatasi ya maswali. Wamama wakawaona wakwe wanaingia wamekwisha kuvikwa. Wakatazamana. Mmoja akapiga kigelegele, na ninyi mnawajua wamama wetu, kigelegele hakiachwi peke yake. Ukumbi ukalipuka. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Msemaji wa Clintonville naye ndiyo anaingia, anahema, funguo za gari mkononi. Aliangalia viuno vitatu mara moja tu, akaelewa kabla yetu.

"Ndugu zangu!" akasema, hata hajakaa. "Tulikuja na maneno mengi, na tumekuta tumeshavikwa! Tunashukuru! Nani tena atamwuliza maswali mtu aliyemvika mwenyewe?"

Mwanangu akageuka. "Mama, tumewavika saa ngapi?"

"Nyamaza."

"Lakini karatasi yangu..."

"Ikunje."

Mjomba mmoja wa upande wetu akasimama. "Na mbuzi wangu?"

"Mbuzi anakuja," akasema msemaji. "Mbuzi ni mkwe pia, hawezi kukosa."

Mdogo wangu, aliyepiga vigelegele kushinda wote, akaja sikioni kwangu. "Dada, mimi nimewafunika magoti tu. Hawa wanashangilia nini?"

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "umemwoza mtoto wetu mlangoni, kutoka kwenye kikapu."

Akashika mdomo. Halafu akasema, "Nikawafungue?"

Hapo ndipo niliposimama katikati ya ukumbi, na hapo ndipo mmoja wenu alipopiga ile picha. Nimekunja uso kwa sababu nilikuwa nafikiri. Kuwafungua naweza. Ukumbi ulikuwa unanisubiri mimi, hata msemaji alikuwa amenyamaza, jambo ambalo Clintonville hawajaliona. Lakini nikiwafungua, ndani kuna nini? Magoti. Magoti sita mbele ya wamama wote, na watoto, na mchungaji. Nikiwaacha, ni wakwe. Donc, magoti au wakwe.

Nikamwangalia mzee. Alikuwa ameacha kutabasamu. Kiswahili hakijui, lakini uso wangu aliusoma. Alikuwa ameiweka fimbo begani, ameshika fundo la kitenge kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mlango upepo usiufungue. Kwenye pazia la jikoni mjukuu wangu amesimama na sinia ya soda, chupa zinagongana.

"Weka sinia chini," nikamwambia, "utavunja." Halafu nikawageukia watu. "Waliovikwa wamevikwa. Sitamfungua mtu nguo mbele ya kanisa. Lakini kijana aje jikoni."

Vigelegele vikarudi. Kijana akaja, na mjukuu wangu nyuma yake.

"Mwulize, ndani ya hiyo kilti amevaa nini?"

"Bibi! Hilo swali huku haliulizwi."

"Kwangu linaulizwa. Mimi ndiye ninayekupeleka huko."

Hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Kijana aliangalia uso wangu, akaangalia kilti, akawa mwekundu mpaka masikioni, na hilo lilikuwa jibu kamili.

Nikatoa suruali mkobani. Mjukuu wangu akaanza, "Bibi, tafadhali..." Nikachukua mkasi wa kukatia mapezi ya samaki, nikaufuta kwa kitambaa, nikakata mguu wa kwanza juu ya goti. Nikakata wa pili. Nikachomoa sindano ambayo huwa nayo kwenye kilemba, nikapinda mapindo palepale nimesimama, kushona mbali mbali, sikuwa nashonea maonyesho. Nikampa.

"Vaa ndani. Juu vaa ya babu yako."

Alikwenda kuvaa nyuma ya mlango wa stoo. Akatoka anatembea kama mtu aliyelipiwa deni. Mjukuu wangu alinikumbatia nikiwa bado na mkasi, jambo la hatari. Baadaye kidogo mzee akatuma neno kutoka ukumbini: amesikia, na yeye anaomba ya kwake, Buffalo kuna upepo. Nikamwambia miguu ya suruali iliyobaki haimtoshi, ya kwake nitamshonea Louisville. Nikamshonea, yenye mpira kiunoni. Mbuzi wa mjomba alikuja pia, amekatwa vipande kwenye maboksi. Na siku ya arusi, Buffalo, upepo ulipoinua marinda nje ya kanisa mbele ya kamera zote, mlichoona wote ni suruali yangu. Hakuna aliyeona kingine. Niambieni sasa kama nilikosea.

Lakini siku ile Columbus tulikuwa bado hatujala. Sinia zilikuwa zimepangwa, mchungaji ameshaombea, nami nikaona viti vya watoto ni vitupu. Nikainua kitambaa cha meza ya wakwe. Wote walikuwa chini, wajukuu wangu wote, mmoja ameshika tochi ya simu, wanasubiri mzee akae vibaya.

Mzee aliwapungia mkono. Mimi sikupunga.

"Tokeni huko wote. Zima hiyo tochi. Katika nyumba yangu hakuna atakayemwuliza mkwe wetu amevaa nini ndani, wala leo wala akija Krismasi. Anayetaka kujua aje aniulize mimi niliyekata. Sasa mkanawe mikono, na mkae kwenye viti, magoti chini ya meza."